Kadi Isiyokuwepo

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 15 Septemba 2022, swali lilinipokea kabla sijaweka vitabu mezani. Jumanne ya wiki ile Rais mpya, William Ruto, alikuwa ameapishwa uwanjani Kasarani, na miongoni mwa wageni waalikwa alikuwemo Brahim Ghali, kiongozi wa Jamhuri ya Sahrawi inayodai ardhi ya Sahara Magharibi. Jumatano, baada ya kumpokea Waziri wa Mambo ya Nje wa Morocco Ikulu, Rais aliandika kwenye Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua jamhuri hiyo. Haukupita muda ujumbe ukafutwa. Sasa mvulana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima sauti yake niliisikia wakati wa kuita majina tu, alisimama akauliza: "Mwalimu, Sahara ilikuwa kwenye kadi gani?"

Wenzake arobaini na ushei wakageuka kutazama uzi niliokuwa nimeufunga ukutani kutoka dirishani hadi mlangoni. Kadi kumi na nne zilikuwa zinaning'inia pale. Hapakuwa na haja ya kuzisoma tena. Kadi ya Sahara haikuwepo.

Nafundisha Historia na Serikali katika shule ya kutwa huku Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, ambako mngurumo wa trela hututangulia darasani kila asubuhi. Wazazi wa wanafunzi wangu ni madereva, mataniboi, makarani wa forodha, vibarua wa bandarini, akina mama wa sokoni. Mtaala wa Kidato cha Nne una mada ya mahusiano ya kimataifa, una ushirikiano barani Afrika, una historia ya Kongo na Tanzania tangu uhuru, na una namna Uingereza, Marekani na India zinavyochagua serikali. Kwa miaka mingi niliwaona wanafunzi wakikariri sababu tano za hili na malengo sita ya lile, na wakifaulu. Lakini ukimwuliza mmoja wao sera ya nje ni nini, atakutajia mabalozi na Umoja wa Mataifa, mambo ya watu wa suti kule Nairobi. Hakuna aliyewahi kunitajia shehena iliyo kwenye gari la babake.

Zile kadi zina asili yake, na asili yenyewe ni kosa langu.

Mwaka 2013, wiki chache kabla ya kura ya tarehe 4 Machi, nilidhani nimeokota dodo chini ya mnazi. Mgombea mmoja wa urais na mgombea mwenza wake walikuwa wanakabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Johnnie Carson, aliyekuwa afisa mkuu wa Marekani wa masuala ya Afrika, alikuwa ametutahadharisha kwamba uchaguzi wetu ungekuwa na matokeo yake. Kwenye mdahalo wa kwanza wa wagombea, tarehe 11 Februari, swali la mtu kuongoza nchi huku akisimama kizimbani ng'ambo lilizungumzwa mbele ya taifa zima. Nikajiambia, mada yote ya mahusiano ya kimataifa imeletwa sebuleni mwa kila mtu. Nikaandika majina ya wagombea ubaoni, nikachora mstari katikati, nikawaambia wajadiliane.

Hazikupita dakika ishirini. Hakuna aliyekuwa akizungumzia mamlaka ya mahakama, wala vikwazo, wala maana ya nchi kutia sahihi mkataba. Walikuwa wakizungumzia makabila. Msichana mmoja, ambaye familia yake ilikuwa imehamia kwa shangazi yake hapa Mombasa baada ya kufukuzwa Bonde la Ufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, alikusanya madaftari yake akatoka nje bila kuaga. Nilimkuta chini ya mwarobaini karibu na tangi la maji. Hakulia. Aliniambia, "Mwalimu, wewe umeandika majina. Mimi nimeona nyumba yetu." Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimechukua jeraha la mtoto nikalifanya zoezi la darasa.

Mwaka 2017 sikuthubutu. Uchaguzi wa Agosti ukabatilishwa na Mahakama ya Juu, ukarudiwa Oktoba, na muda wote huo mimi nafundisha Vita Baridi kana kwamba hewa ya nje haiingii madirishani. Hilo la 2017 nalijutia kuliko la 2013, maana la 2013 lilikuwa jaribio lililoharibika, na la 2017 lilikuwa woga.

Kwa hiyo Julai 2022 nilianza upya, na nilianza na mkasi. Nilikata maboksi ya karatasi za mtihani yakawa kadi. Kila kadi iliandikwa ahadi moja au kauli moja ya mgombea, kwa Kiswahili chepesi, bila jina. Jina lilikaa nyuma, limefunikwa kwa gundi na karatasi. Wagombea walikuwa wanne: Raila Odinga, William Ruto, George Wajackoyah na David Mwaure. Kauli zao wanafunzi walikuwa wakizisikia kila siku kwenye matatu, kwa hiyo zipo walizozitambua papo hapo. Sikuwazuia kutambua. Niliwawekea sharti moja tu, kwamba anayetaja jina anakaa kimya hadi kipindi kiishe. Mimi ni mtumishi wa umma na kura yangu haina mlango wa kuingilia darasani, na nilitaka wao pia wajue raha ya kulijadili neno bila kumbeba aliyelisema.

Kabla ya kadi tulisoma Katiba. Kifungu cha 2 kinasema mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kifungu cha 132 kinampa Rais jukumu la kuhakikisha majukumu ya kimataifa ya nchi yanatimizwa, na la kuteua mabalozi kwa idhini ya Bunge la Taifa. Kifungu cha 240 kinasema vikosi vya taifa havipelekwi nje kulinda amani bila idhini ya Bunge. Vipindi viwili vilitosha. Kisha kila kadi tukaiuliza mambo matatu: ili ahadi hii itimie, nani aliye nje ya mpaka wetu lazima akubali? Yeye anataka nini? Na asipokubali, nani hapa nyumbani atakayelipa?

Kadi ya kwanza ilisema wageni wanaochoma mahindi na kuuza simu watarudishwa kwao. Ruto aliyasema hayo mwezi Juni kwenye kongamano la uchumi, akiwalenga Wachina. Darasa lilishangilia, na sikuwalaumu, kwa sababu watoto wa mchuuzi hujua bei ya kunyang'anywa mteja. Kisha tukauliza lile swali la kwanza. Sheria ya vibali vya kazi ni yetu, wakasema, hatuhitaji ruhusa ya mtu. Kweli. Mchina anataka nini? Hapo ndipo kimya kilipoingia. Mmoja akakumbuka gati jipya la mafuta la Kipevu, ambalo ni jirani yetu kabisa, lililojengwa na kampuni ya Kichina. Mwingine akataja reli. Nami nikawakumbusha kwamba Januari ya mwaka uo huo Wang Yi, Waziri wa Mambo ya Nje wa China, alikuja papa hapa Mombasa, na miongoni mwa hati zilizotiwa sahihi ilikuwemo ya kufungua soko la China kwa maparachichi yetu. Kisha mvulana ambaye binamu yake hufuata vifaa vya simu Guangzhou akauliza kwa sauti ndogo, "Na sisi tulioko kule wakituondoa?" Tukarudi nyuma hadi Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walipofukuzwa kwenye nyumba za kupanga mjini humo na serikali za Afrika zikalalamika. Hakuna aliyebadilisha maoni yake siku ile, na sikutaka abadilishe. Ila mahindi choma yalikuwa yameshafika Guangzhou na kurudi.

Kadi ya mitumba ndiyo iliyotuchukua siku nyingi kuliko zote. Tarehe 6 Juni, akizindua manifesto yake uwanjani Nyayo, Odinga alisema atafufua viwanda vya nguo, na kwamba tunavaa nguo za watu waliokufa ng'ambo. Kauli hiyo ilizua kelele, na baadaye akafafanua kwamba hakukusudia kuwanyima wachuuzi riziki. Kwenye kadi niliandika kiini chake tu: Kenya itashona nguo zake, mitumba itapungua.

Kwetu Mombasa jambo hili lina anwani, nayo ni soko la Kongowea. Wasichana wawili darasani walisomeshwa kwa robota za mitumba za soko lile. Nilijua nikilishika jambo hili vibaya nitarudia kosa la 2013, kwa hiyo nilianza mbali, nilianza na historia. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao, na serikali hiyo ikaanza kuchunguza kama nchi zetu bado zinastahili AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Niliwaachia hapo. Siku ya pili mmoja wa wale wasichana alikuja amefanya kazi ambayo sikumtuma. Alikuwa amemuuliza mamake robota inatoka wapi, nani anailipia ushuru, na ikipanda bei anafanya nini. Ubaoni aliandika safu mbili: wanaokula kwa mitumba, na wanaokula kwa viwanda vya kushona nguo za kuuza Marekani. Kisha akasema: "Mwalimu, ukipiga marufuku mitumba, mama anaumia. Usipopiga, fundi wa kiwanda cha hapa hapati soko la hapa. Na Marekani ikikasirika, hata fundi wa kiwanda cha kuuza nje anaumia. Kwa hiyo mgombea asituambie anapenda viwanda tu. Atuambie Marekani atawaambia nini." Nimefundisha miaka mingi na nimehudhuria semina nyingi, na sijasikia maelezo bora kuliko hayo ya sera ya nje ni kitu gani.

Siku ya mkutano wa wazazi mamake alinitafuta. Nilidhani anakuja kulalamika. "Mwalimu," akaniambia, "huyu mtoto ananihoji kama askari wa forodha. Lakini tangu aanze, na mimi nasikiliza habari hadi mwisho."

Kadi ya bangi ilipita haraka. Wajackoyah alitaka ilimwe, iuzwe nje, deni la China lilipwe. Vijana walikuwa na msisimko wao, nami nikauliza tu nani lazima akubali kununua, tukasoma kwamba Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa mwaka 1961 wa Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya, na kwamba kwa Kifungu cha 2 mkataba huo ni sheria yetu. Saa moja ikatosha.

Ya Kongo iliniuma zaidi. Mwezi Februari Ruto, akihutubia mkutano wa hadhara, alisema Wakongo ni waimbaji wa suruali za hadi kifuani, watu milioni tisini wasio na ng'ombe hata mmoja. Aliomba radhi baadaye, na radhi hiyo niliiandika kwenye kadi hiyo hiyo kwa sababu haki inataka hivyo. Lakini wanafunzi wangu ni watoto wa watu wanaopeleka mizigo Goma, Bukavu na Butembo. Baba zao wakilala njiani hulala kwa Wakongo, na huzungumza nao Kiswahili hiki hiki. Msichana mmoja alisema babake alipofika mpakani wiki ile aliulizwa, "Nyinyi wa Kenya, ng'ombe wetu mmewahesabu lini?" Aprili ya mwaka huo Kongo ikatia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo darasa likaelewa kwamba mzaha wa jukwaani hufika mpakani kabla ya balozi, na anayeujibu ni dereva.

Halafu ipo kadi ya bandari. Mwaka 2019 serikali iliamuru makontena yapande reli mpya hadi bara, na madereva wa huku wakaandamana. Kadi ilisema shughuli za kukagua na kutoa mizigo zitarudishwa Mombasa. Kwa macho ya kawaida hii ni ahadi ya nyumbani, na wanafunzi waliniuliza imeingiaje kwenye orodha. Ilibidi tufukue. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilijengwa kwa mkopo wa mwaka 2014 wa takriban dola bilioni 3.2 kutoka benki ya Exim ya China, na kulikuwa na makubaliano ambayo Mamlaka ya Bandari iliahidi kuipatia reli kiasi fulani cha mizigo kila mwaka. Kontena likishuka relini likapanda trela, Changamwe inapata shibe, na mtu wa Beijing ana swali la kuuliza. Kijana mmoja, mtoto wa dereva, alitazama kadi ile muda mrefu. Akasema, "Kumbe babangu ana mkataba na China na hajui."

Tarehe 26 Julai ulifanyika mdahalo wa urais na Ruto alisimama peke yake jukwaani, kwa sababu Odinga alikataa kushiriki. Wanafunzi walikuja asubuhi wamevunjika moyo. Wengine walipanga kulinganisha majibu na kadi, sasa watalinganisha nini na nini? Tuliendelea na kadi. Siku ya mwisho kabla ya shule kufungwa kwa ajili ya uchaguzi tukabandua karatasi za nyuma, tukasoma majina. Kelele zilikuwepo, lakini za namna nyingine. Wawili au watatu waligundua kwamba wiki nzima walikuwa wakitetea neno la mtu ambaye nyumbani kwao hatajwi kwa wema. Hakuna aliyetoka nje.

Siku ya kuapishwa, ndani ya hotuba yenyewe, Rais Ruto alitangaza kwamba shughuli za mizigo zinarudi Mombasa. Jumatano darasa langu lilikuwa sherehe. Walichora alama ya vema kwenye kadi ya bandari kwa wino mwekundu. Walihisi kwamba wameuona mtambo wote unavyofanya kazi, ahadi, kura, tangazo. Na mimi nilihisi hivyo pia. Kesho yake ndipo likaja lile swali la Sahara.

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimpa yule mvulana kadi tupu nikamwomba aiandike yeye. Ijumaa Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa waraka uliosema kwamba msimamo wa Kenya unafungamana na ule wa Umoja wa Afrika, na kwamba nchi haiendeshi sera yake ya nje kupitia Twitter. Tuliusoma waraka huo pamoja. Alipoirudisha kadi, upande wa mbele alikuwa ameandika neno moja, Sahara, na upande wa nyuma, mahali pa jina la mgombea, ameandika kwa penseli: "Nani alimuuliza?"

Nilikaa na swali hilo likizo nzima. Tulikuwa tumezichambua kauli kumi na nne kwa uaminifu, na zote zilikuwa kauli ambazo wagombea wenyewe walichagua kuzisema. Hatukuwa tumejiuliza ni mambo gani yatafika mezani pa Rais bila kupita jukwaani. Novemba ya mwaka huo wanajeshi wetu wakaenda Goma pamoja na kikosi cha Jumuiya. Julai 2023 serikali ikasema iko tayari kupeleka polisi elfu moja Haiti. Januari 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka vikosi vya ulinzi nje, si polisi, na uamuzi huo ulisimama juu ya Kifungu cha 240 kile kile. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024 kundi la kwanza la polisi hao likatua Port-au-Prince, siku ile ile vijana walipoingia Bungeni Nairobi kupinga Mswada wa Fedha. Usiku ule nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, yule wa mitumba, ambaye sasa yuko chuoni: "Mwalimu, na Haiti haikuwa na kadi. Ndugu wa rafiki yangu yuko kwenye ndege hiyo."

Tangu hapo nimebadilisha kazi yangu. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na Kidato cha Nne cha mwaka huo ndicho cha mwisho cha mfumo wa elimu wa 8-4-4. Sitasubiri manifesto. Nusu ya kadi sasa ni za maswali, zinaandikwa na wanafunzi kabla mgombea hajafungua mdomo, na nafasi ya jina inabaki wazi. Wanayaandika kutokana na wanayoyaona kwao: ushuru wa mpakani Lungalunga, wavuvi wa Vanga wanaovuka maji ya Tanzania, dada zao walioko Saudia.

Wiki iliyopita msichana mmoja alinifuata hadi chumba cha walimu na kadi yake. Babake alikuwa akipeleka shehena Goma. Tangu mji ule uliposhikwa na waasi wa M23, Januari 2025, safari zake zimekuwa za kubahatisha, na yako majuma anayokaa nyumbani bila kazi. Kwenye kadi ameuliza Rais wa Kenya atafanya nini ili barabara ile ifunguke, na kama atazungumza na Kigali, na Kinshasa, au na wote wawili. Akaniuliza swali hilo ampe mgombea gani kwanza.

Nilimwambia tutaandika nakala kwa kila mmoja wao, na kwamba tukianza Jumatatu tutakuwa tumemaliza kabla ya mitihani.